Njia ya kilomita 227 inaishia Rusizi. Fedha zake zinaishia wapi?

Njia ya Congo-Nile, ile ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli inayofuata ufuko wa Ziwa Kivu, ina urefu wa kilomita 227. Inaanzia Rubavu, mpakani na Goma, inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, kisha inaishia Kamembe, wilayani Rusizi, mpakani na Bukavu. Yaani Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) ilipoanza kuitangaza zaidi ya miaka 10 iliyopita, ilitangaza njia inayotoka kwenye mpaka mmoja wa wafanyabiashara na kufika kwenye mwingine. Mama anayevusha nyanya asubuhi pale Rusizi ya Kwanza yuko kwenye kituo cha mwisho cha njia ya kutembea inayojulikana kuliko zote nchini, ingawa pengine hakuna aliyewahi kumwambia.

Swali lililopo ni la kawaida kabisa katika kazi ya mpakani: mzigo ukifika mwisho wa safari, unashushwa kwa nani, na nani anaulipia? Mgeni anayefika Kamembe kwa miguu wakati wa kiangazi analala usiku mmoja, anafua soksi zake, anakula, na kesho yake yuko kwenye basi la Kigali linalokata msitu wa Nyungwe, au kwenye ndege katika uwanja wa Kamembe. Anaondoka bila kujua amekanyaga wapi.

Na huyo ni yule aliyefika. Wapo wengi wanaoishia Karongi. Sababu yake inajulikana: barabara ya lami iliyojengwa kutoka Karongi kuja Rusizi imemeza sehemu kubwa ya njia ya zamani ya vumbi. Kwa mwenye lori, mwenye kuku na mwenye maziwa, lami hiyo ni neema isiyo na mjadala. Lakini mtu hakutoka Ulaya au Nairobi kuja kutembea siku nzima pembeni ya magari. Kwa hiyo Rusizi ilipata barabara ikapoteza baadhi ya watembeaji, na hadi sasa haijaweka kitu cha kutosha cha kuwavuta waje hadi mwisho.

Kiasi cha fedha kinachozungumziwa si kidogo. Rwanda ilipata dola milioni 647 kutokana na utalii mwaka 2024, baada ya milioni 620 mwaka uliotangulia. Sehemu kubwa ya fedha hizo inatoka kwa sokwe wa milimani, kule kaskazini, ambako kibali cha mgeni kutoka nje ya Afrika ni dola 1,500 kwa mtu mmoja. Rusizi haina sokwe hao. Ina mlango wa Nyungwe, msitu ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, ina ziwa, na ina historia. Bidhaa ya tatu ndiyo inayolala stoo.

Bidhaa yenyewe

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, matembezi ya kuongozwa kwenye maeneo ya kihistoria ni biashara ya kila siku. Mgeni analipa, mwenyeji anatembea naye saa mbili au tatu, anamwonyesha na kumsimulia. Haihitaji ghala wala lori. Inahitaji miguu, ulimi na habari za kweli. Je, Rusizi inazo habari za kutosha za kujaza asubuhi moja? Mtu anayeujua mji huu kama mahali pa foleni na forodha tu angesema hapana, na angekosea.

Matembezi yanaweza kuanzia Kamembe juu, kwenye mji wa kilimani wenye soko, stendi ya magari na benki. Kamembe ndipo Mfalme Yuhi Musinga alipoletwa baada ya Wabelgiji kumvua ufalme Novemba 1931. Alikuwa ametawala tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, akakataa ubatizo, akagombana na wakoloni na wamisionari, na mwisho wake akaondolewa Nyanza akapelekwa kuishi huku mbali, kwenye ukingo wa nchi. Mwanawe, Mutara Rudahigwa, akawekwa mahali pake. Musinga alikaa Kamembe hadi 1940, kisha Wabelgiji wakaona hata hapo yuko karibu mno, wakamvusha mpaka na kumpeleka Moba, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Alifia huko mwaka 1944. Kwa hiyo mfalme wa Rwanda aliishi miaka tisa hivi mahali ambapo leo watu wanashindana kupata viti vya basi la Kigali. Ni vigumu kuelewa kwa nini habari hii haiuzi hata kikombe cha chai.

Kutoka Kamembe barabara inateremka hadi Cyangugu, mji wa zamani ulioko ziwani. Zamani jina hilo lilikuwa la mkoa mzima, hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yalipoleta wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Mji ulipanda mlima pole pole, biashara ikahamia Kamembe, na Cyangugu ikabaki na majengo yake ya kale, maji, na mpaka. Kabla ya majina yote hayo, eneo hili liliitwa Kinyaga, na wazee bado wanalitumia.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapoingia kwenye simulizi mwenyewe. Katika karne ya 19, kabla ya Mzungu yeyote kuliona Ziwa Kivu, ng'ambo na ng'ambo ya ziwa hili palikuwa na biashara ya mkono kwa mkono iliyokwenda kwa sarafu yake. Iliitwa butega: vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni, vilivyotengenezwa na watu wa upande wa magharibi wa ziwa, vikavushwa kwa mitumbwi kupitia Ijwi na kufika Kinyaga. Wanawake wa Rwanda walivivaa miguuni. Kwa butega ulinunua chakula, ulinunua mbuzi, na ukiwa navyo vingi ulifika hata kwenye ng'ombe. Wanahistoria wameandika juu ya biashara hiyo, lakini aghalabu kwa Kiingereza na Kifaransa, katika vitabu ambavyo mwenye kuvusha vitunguu hatavikuta sokoni. Mtu anayeambiwa leo kwamba uchuuzi wa kuvuka maji haya ni kazi ya dharura ya watu wasio na ajira angejibu kwa butega: kazi hii ni ya zamani kuliko mpaka unaoivuruga.

Mpaka wenyewe una tarehe. Mfalme Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa katika vita vyake vya upande wa Bushi, nchi ambayo leo ni Bukavu na vitongoji vyake. Mwaka uliofuata, 1896, askari wa Dola Huru ya Kongo wakiongozwa na Wabelgiji walipiga kambi Shangi, kaskazini kidogo ya Rusizi katika Nyamasheke ya leo. Jeshi la Rwanda likaenda kuwafukuza kwa mikuki na pinde, likashindwa na bunduki. Miaka michache baadaye Wajerumani nao wakaweka kituo Shangi. Wakoloni hao wawili wakatazamana machoni ng'ambo na ng'ambo ya maji hadi Mei 1910, walipokaa Brussels na kukubaliana: Ijwi kwa Wabelgiji, mto Rusizi uwe mpaka. Hakuna mwenyeji wa ufuko huu aliyekuwa mezani. Foleni ya leo ilianzia kwenye meza ile.

Chini kabisa ndipo daraja la Rusizi ya Kwanza lilipo, na mto unapotoka ziwani. Hapa mwongozaji mzuri angewasimamisha wageni wake na kuwauliza swali moja: maji haya yanakwenda wapi? Novemba 1871, wiki chache baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi mwisho wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ili kujibu swali hilo hilo, kwa sababu wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kama Rusizi inaingia Tanganyika au inatoka. Walikuta inaingia. Mvuvi yeyote wa hapo angewaambia bila malipo, lakini hiyo ni habari nyingine. Mto huo una kilomita 117, na kutoka Kivu hadi Tanganyika unashuka karibu mita 700. Mteremko huo ndio umeme wa ukanda huu: kituo cha kwanza cha Rusizi kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, cha pili mwaka 1989 kwa ubia wa Rwanda, Burundi na Kongo kupitia shirika la SINELAC. Kumbe nchi tatu zilishaweza kugawana maji yale yale ambayo wenye vikapu wanasimamishwa juu yake.

Hata beseni la sambaza lina historia yake. Samaki hao wadogo, ambao mpakani wanavuka kila siku, si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kwa atakayekuwa na siku nzima, iko Mibirizi, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1903, ambayo jina lake limebaki kwenye aina mojawapo ya mibuni ya zamani ya Rwanda. Wanunuzi wa kahawa wa Ulaya na Marekani wanalijua jina Mibirizi wakati baadhi ya vijana wa Kamembe wanalijua kama jina la hospitali tu.

Hesabu ya asubuhi moja

Mfano ufuatao ni wa kupigia hesabu tu, si bei ya mtu yeyote. Wageni 8 wanatembea kutoka Kamembe hadi darajani, kila mmoja analipa faranga 15,000. Jumla ni 120,000. Mwongozaji anachukua 30,000. Chakula cha mchana kwa mama lishe wa Cyangugu, sambaza na ugali au ndizi, ni 3,500 kwa kila sahani, yaani 28,000. Kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele ya wageni ni 2,000 kwa kila mtu, yaani 16,000. Pikipiki za kuwarudisha juu mlimani, 1,000 kila moja, ni 8,000. Zinabaki 38,000 za ushirika ulioandaa, ambazo humo mna kodi, leseni, simu na matangazo. Hapo bado hawajanunua kitenge.

Sasa igeuzwe. Matembezi yale yale yanauzwa na kampuni ya Kigali ndani ya safari ya siku tano. Mwongozaji anatoka Kigali na gari lake. Chakula kinaliwa hotelini, pengine hoteli ya kampuni nyingine ya Kigali. Wageni wanashuka, wanapiga picha ya daraja, wanaambiwa habari za Musinga nusu yake kweli na nusu yake kutoka kwenye simu, wanapanda gari. Rusizi inapata fedha ya maji ya chupa. Hakuna aliyeiba kitu. Kampuni imefanya biashara yake kihalali, imelipa kodi, na imetangulia. Hatari iliyopo ni hiyo: si kwamba matembezi hayatakuja Rusizi, bali kwamba yatakuja yakiwa yamekwisha kulipiwa mahali pengine.

Nyamirambo, katika Kigali yenyewe, kuna mfano wa namna nyingine. Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo kilianzishwa na wanawake wa mtaa huo mwaka 2007, kikafundisha kusoma, kushona na lugha, na kikaanza kuwatembeza wageni kwa miguu katika mtaa. Wageni wanapelekwa saluni, kwa mafundi wa nguo, sokoni, na mwisho wanakula kwa mmoja wa akina mama. Nyamirambo haina ziwa wala daraja la mpaka. Ina mtaa wenye watu na maduka, na wanawake waliojipanga. Jambo la kujifunza pale ni kwamba vituo vya matembezi ni biashara za watu wa mtaa, na anayepanga vituo ndiye anayeamua fedha inaanguka mfuko gani.

Zanzibar inafundisha upande wa pili. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kutembeza wageni vichochoroni ni ajira ya watu wengi. Lakini kando ya waongozaji wenye vitambulisho kulizuka wale ambao wenyeji wenyewe waliwapa jina la papasi, kwa jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Papasi anamfuata mgeni, anamkatalia kupumua, anamsimulia chochote. Mgeni akishaumwa na papasi wawili, wa tatu hata akiwa mkweli hasikilizwi. Mpaka wa Rusizi una vijana wengi wanaobeba mizigo, wanaobadili fedha na wanaojua kila mtu. Wengine wao wangekuwa waongozaji hodari. Bila utaratibu, kiangazi kimoja kinatosha kuwageuza papasi. Nchini Rwanda biashara ya utalii inahitaji leseni ya RDB, na wanaoona leseni kuwa ni usumbufu wakumbuke kwamba ndiyo pia inayomtofautisha mwongozaji na mng'ang'anizi.

Daraja ambalo mgeni havuki

Ugumu mkubwa wa Rusizi haupo Zanzibar wala Nyamirambo. Nusu ya historia yake iko ng'ambo. Bukavu, ambayo kwa miaka mingi ya Wabelgiji iliitwa Costermansville, inaonekana kutoka Cyangugu kama uwanja wa jirani: nyumba za rasi ya Nguba, miteremko iliyojaa mabati, kanisa kuu. Matembezi yaliyo kamili yangeanzia Kamembe na kumalizikia kwenye mitaa ya Bukavu. Mchuuzi mwenye jetoni, kile kibali cha jirani kilichotokana na Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL) ya mwaka 1976, anaweza kuyafanya kabla ya saa nne asubuhi na kurudi. Mtalii hawezi. Visa ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014 kwa dola 100 na siku 90, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini haimo katika visa hiyo. Mgeni akitaka kutembea mita mia chache zaidi anahitaji visa nyingine.

Na kuna vita. Kundi la M23 liliingia Bukavu Februari 2025, na tangu hapo kila mwenye mzigo anajua kilichotokea kwa wateja, mabenki na bei. Serikali kadhaa za nchi za Magharibi zimekuwa zikiwaonya raia wao juu ya maeneo ya karibu na mpaka wa Kongo, na maonyo hayo hayabagui ng'ambo kwa uangalifu ambao watu wa Rusizi wangetaka. Bima ya msafiri inasoma onyo, haisomi ramani. Upande wa kusini, kule Bugarama ambako nchi tatu zinakutana, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Makubaliano ya amani kati ya Rwanda na Kongo yaliyosainiwa Washington Juni 2025 yaliahidi mpango wa ushirikiano wa kiuchumi wa kanda, ukigusa hadi hifadhi za taifa. Karatasi hiyo haijampunguzia mtu foleni.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo jambo lisubiri: amani kwanza, watalii baadaye. Hoja hiyo ina uzito, lakini inamsahau mteja aliye karibu. Rwanda iliondoa visa kwa Waafrika wote, kama ilivyotangazwa Novemba 2023. Mwanafunzi wa Kampala, mwalimu wa Arusha, jamaa za Warwanda wanaorudi likizo kutoka Ubelgiji mwezi Julai, wafanyakazi wa Kigali wanaokuja Rusizi kwenye harusi ya Jumamosi na hawana la kufanya Jumapili mchana: hawa hawasubiri visa ya Kongo wala hawasomi maonyo ya balozi. Mzungu wa begi mgongoni ni mteja mzuri, ila anakuja kwa msimu na anatishika upesi. Wa jirani analipa kidogo na anarudi.

Kwa huyo wa jirani, lugha ya matembezi ni Kiswahili. Kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini Rusizi ilikizungumza bila kungoja sheria, kwa sababu haiwezekani kuuza Bukavu bila hicho. Kijana wa Kigali aliyehitimu masomo ya utalii anazo Kiingereza na Kifaransa, mara nyingi kuliko mchuuzi. Kiswahili cha mpakani, kile kinachojua bei na utani, ni cha watu wa Rusizi. Ni mtaji, na unafaa kutajwa kwenye hesabu kama mtaji.

Jambo moja halipaswi kuingizwa kwenye tiketi. Rusizi ni mahali pa mwaka 1994. Katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka, Kamembe, walikusanywa Watutsi waliokuwa wamekimbilia usalama, na baadhi yao walitolewa humo wakaenda kuuawa. Waliobaki walihamishiwa Nyarushishi, kambi ambamo maelfu waliokoka. Mibirizi, ile ile ya kahawa, waliuawa watu waliokimbilia misheni. Mwongozaji anayepita karibu na Kamarampaka bila kusema neno anamdanganya mgeni wake. Lakini kuna tofauti kati ya kusema na kuuza. Nyumba za kumbukumbu za mauaji ya kimbari zina wasimamizi wake na taratibu zake, na wapo manusura wanaoishi umbali wa kutembea kutoka hapo, wengine wakiwa na meza sokoni. Ushirika wenye heshima ungeacha mahali hapo pawe nje ya bei: mgeni anayetaka kwenda apelekwe, bila malipo, akapokelewe na wasimamizi wenyewe, na siku za maombolezo, kuanzia Aprili 7, matembezi ya starehe yasimame. Zanzibar imekuwa ikijadili kwa miaka mingi namna ya kuwaonyesha wageni kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, bila kuigeuza minyororo kuwa mapambo. Huko wahusika walikwisha kufa zaidi ya karne iliyopita. Rusizi wako hai.

Yanayobaki ni ya kazi, na kiangazi hakingoji. Rusizi imo katika miji sita ya pili ambayo serikali ya Rwanda iliichagua kuikuza nje ya Kigali, kwa hiyo ofisi ya wilaya ina sababu ya kusikiliza. Vyama vya ushirika vya wavukaji mpaka tayari vina akaunti, viongozi na mihuri, vitu ambavyo mtu binafsi angehangaika navyo miezi. Wazee wanaokumbuka Cyangugu kabla biashara haijahamia mlimani bado wapo, lakini kila mwaka wanapungua, na mazungumzo yao hayajarekodiwa kwa wingi unaostahili. Mtu mmoja mwenye simu nzuri na subira anaweza kuanza hiyo kazi wiki hii. Kisha kuna suala la nani atapanga vituo: mama lishe yupi, mkaanga kahawa yupi, na kama wauza vitenge watapewa zamu au wataachiwa wapigane. Ugomvi wa zamu ndio unaovunja ushirika kabla mgeni wa kwanza hajafika, na kila aliyewahi kugawana nafasi za meza sokoni Kamembe anaweza kueleza kwa nini. Ni heri ugomvi huo ufanyike Machi kuliko Julai.